Sura ya Sita: Mdhamini Anapoingia Kwenye Hadithi

Mwaka 1949 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha taarifa ya habari ya jioni, dakika 15 tu, iliyoitwa Camel News Caravan. Camel ni sigara. Gharama za kipindi zilibebwa na kampuni iliyoitengeneza, R.J. Reynolds, ndiyo maana jina la sigara lilitangulia neno habari. Msomaji wake, John Cameron Swayze, alivaa ua kwenye koti na kusoma matukio ya dunia huku kisahani cha majivu kikiwa mezani pake, na mtazamaji alikiona vizuri.

Hayo yote yalikuwa wazi. Mtu aliyewasha televisheni alijua nani amelipa. Kilichofichika ni masharti. Picha za habari hazikutakiwa kuonyesha kibao kilichoandikwa "Usivute sigara". Wavutaji wa sigara nene za majani nao hawakutakiwa kuonekana, kwa sababu zile zilikuwa bidhaa za washindani. Mtu mmoja tu alisamehewa: Winston Churchill, ambaye bila sigara yake nene mdomoni ingekuwa vigumu kupata picha yake hata moja.

Nimeanza na kibao kile makusudi. Tukizungumzia matangazo yanayopenyezwa ndani ya vipindi, mazungumzo huishia kwenye vitu vinavyoonekana: chupa ya soda iliyogeuzwa ili nembo itazame kamera, simu inayokaa mkononi mwa mhusika muda mrefu kuliko inavyohitajika, gari linalopigwa picha kama bibi harusi. Kibao cha "Usivute sigara" ni kitu ambacho hakikuonekana. R.J. Reynolds haikununua tu nafasi ya kuonyesha sigara. Ilinunua pia haki ya kuamua nini kisiingie kwenye picha ya habari, na mtazamaji hakuwa na njia ya kujua kwamba kuna kitu kimeondolewa. Mwaka 1950, kipindi kikiwa hewani, watafiti wa Uingereza Richard Doll na Bradford Hill walichapisha matokeo yao yaliyohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Hebu fikiria hali ya mhariri ambaye mshahara wake unatoka kwenye pakiti ya Camel, na habari ya namna hiyo imetua mezani pake.

Katika sura hii nitalifuata jambo hilo kuliko chupa na magari: mlipaji anafika wapi ndani ya hadithi, na mtazamaji anajulishwa au hajulishwi.

Mwanzo wake uko redioni, na uko kwenye sabuni. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kudhamini mchezo wa redio wa mfululizo, Ma Perkins, ili kuuza sabuni ya unga ya Oxydol. Walengwa walikuwa akina mama waliokuwa nyumbani mchana, mikono ikiwa kwenye beseni la nguo. Mbinu ilifanya kazi hivi kwamba kampuni ikawa yenyewe mtayarishaji wa tamthilia. Moja ya tamthilia zake, Guiding Light, ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952 na haikuzimwa mpaka 2009. Katika miaka ya mwanzo ya televisheni ya Marekani huo ndio ulikuwa utaratibu wa kawaida: kampuni moja, kipindi kimoja, na mara nyingi wakala wa matangazo wa kampuni hiyo ndiye aliyeajiri waandishi na waigizaji. Kituo kilikodisha tu muda wa hewani. Mdhamini hakuhitaji kupenyeza chochote, kwani nyumba ilikuwa yake.

Kilichouvuruga utaratibu huo ni shindano la chemsha bongo.

Twenty-One lilianza NBC Septemba 1956 chini ya watayarishaji Jack Barry na Dan Enright. Washindani wawili walisimama kila mmoja ndani ya kibanda cha kioo, vipokea sauti masikioni, wasimsikie mwenzao, wakajibu maswali mpaka mmoja afikishe pointi 21. Mdhamini alikuwa kampuni ya dawa iliyouza Geritol, dawa ya kuongeza nguvu kwa wale waliojiona wamechoka. Kipindi cha kwanza kiliendeshwa kwa haki, na kilikuwa janga: washindani walikosa swali baada ya swali. Mdhamini alikasirika, akataka jambo kama hilo lisitokee tena. Halikutokea tena. Tangu hapo maswali na majibu yalitolewa mapema, na mashindano yakaandikwa kama mchezo wa kuigiza.

Kijana Herbert Stempel, mwanafunzi wa Queens aliyewahi kuwa mwanajeshi, alipangiwa kila kitu. Alipewa majibu. Aliambiwa avae suti isiyomkaa vizuri na anyoe nywele zake ovyo ili aonekane mnyonge mwenye akili. Aliambiwa namna ya kujifuta jasho, kwa kulibonyezabonyeza kwa kitambaa badala ya kulipangusa. Kiyoyozi cha kibanda kilizimwa ili jasho lenyewe lipatikane. Akashinda wiki kadhaa. Kisha ikaamuliwa kwamba watazamaji wamemchoka na kwamba aondolewe na mtu mwenye mvuto zaidi: Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mrefu, mtanashati, mtoto wa mshairi maarufu.

Desemba 1956 Stempel aliulizwa filamu gani ilipata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu ni Marty. Alilijua vizuri sana, maana aliipenda filamu ile na alikwisha kuitazama zaidi ya mara moja. Aliagizwa aseme On the Waterfront, akasema. Van Doren akaendelea mpaka kufikisha dola 129,000, sura yake ikapamba jalada la jarida la Time, na NBC ikampa kazi. Tarehe 2 Novemba 1959 alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kukiri kwamba yote yalipangwa. Mwaka uliofuata sheria ikafanya upangaji wa matokeo ya mashindano ya namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Kwa macho ya mtafuta nembo, Twenty-One halikuwa na tatizo lolote. Jina la Geritol liliandikwa wazi ukumbini na kila mtu aliliona. Rushwa ilikuwa ndani ya mpangilio wa matukio: nani ashinde, nani ashindwe, lini. Huko ndiko pesa ya mdhamini ilikofika, na kwa maoni yangu huko ndiko inakofanya madhara makubwa kuliko popote.

Kashfa ile iliwapa wakuu wa vituo sababu ya kuharakisha jambo walilokuwa wamekwisha kulianza. Walichukua udhibiti wa vipindi, wakawauzia wafanyabiashara dakika za matangazo kati ya sehemu moja na nyingine. Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba hiyo ndiyo televisheni yenyewe: hadithi, kisha mapumziko ya matangazo, kisha hadithi. Mpaka ulikuwa unaonekana. Mtoto akisikia muziki wa tangazo alikimbia kunywa maji.

Mpaka huo haukudumu, na sababu ni kitufe. Kwanza rimoti, kisha kinasa video, kisha mwaka 1999 kifaa cha TiVo kilichomwezesha mtu kurekodi kipindi na kuyaruka matangazo yote. Wafanyabiashara wakaona wanalipia dakika zisizotazamwa. Mwaka 2000 Mark Burnett alileta Survivor kwenye kituo cha CBS, watu waliotelekezwa kisiwani huko Borneo, na bidhaa za wadhamini zikawa sehemu ya mchezo: mtu mwenye njaa ya siku nyingi akipewa Doritos au Mountain Dew, furaha yake si ya kuigiza. Hakuna wakala wa matangazo angeweza kumwelekeza mwigizaji aile chipsi kwa hamu ile. Miaka miwili baadaye likaja American Idol, na mbele ya kila jaji kikawekwa kikombe kikubwa chekundu chenye jina la Coca-Cola. Vikombe vile vilikaa pale mpaka kampuni ilipojitoa mwaka 2014. Kipindi hichohicho kiliporushwa Uingereza vikombe vilitiwa ukungu, kwa sababu sheria za huko wakati ule zilikataza.

Je, kikombe cha mezani kinamfanya mtu afanye lolote? Susan Auty na Charlie Lewis wa Chuo Kikuu cha Lancaster walilichukua swali hilo kwa uzito, na jaribio lao la mwaka 2004 ndilo ninalolirudia kila ninaposikia mtu akisema yeye haathiriki. Walichukua watoto 105 wa shule, wengine wa miaka sita na saba, wengine wa miaka 11 na 12. Nusu yao walionyeshwa kipande kifupi cha filamu ya Home Alone ambamo familia inakula na Pepsi inamwagika mezani. Nusu nyingine walionyeshwa kipande kingine cha filamu hiyohiyo kisicho na soda yenye chapa. Baadaye kila mtoto aliitwa kuzungumza juu ya alichokiona, na kabla ya mazungumzo akakaribishwa kinywaji: Pepsi au Coca-Cola, achague mwenyewe. Katika kundi lililoona Pepsi, asilimia 62 walichagua Pepsi. Katika kundi jingine, asilimia 42.

Tofauti ya pointi 20 za asilimia, kwa sekunde chache za soda iliyomwagika. Hakuna aliyeisifu. Hakuna aliyeinywa kwa tabasamu. Na filamu yenyewe wengi wao walikwisha kuiona kabla, kwa hiyo soda ile haikuwa ngeni machoni pao. Mtoto anayeliona tangazo la kawaida hujifunza mapema kwamba anauziwa kitu, na hata wa miaka minane anaweza kusema "wanataka tununue". Kinga hiyo inahitaji jambo moja tu, kujua kwamba hili ni tangazo. Bidhaa ikiwa ndani ya chakula cha jioni cha familia ya kwenye filamu, kinga haiamki. Kwa sababu hii sioni haya kusema kwamba vipindi vya watoto viachwe kabisa bila bidhaa za kulipiwa, bila mjadala wa viwango wala masharti.

Ujerumani walijifunza kwa njia ngumu zaidi. Marienhof ilikuwa tamthilia ya jioni ya ARD, shirika la umma linaloendeshwa kwa ada ya wananchi, ikitengenezwa na kampuni ya Bavaria Film ya Munich. Matangazo ya kificho yalikuwa marufuku. Mwandishi wa habari Volker Lilienthal, wa jarida la epd medien, alipata fununu kwamba wakala fulani anauza nafasi ndani ya tamthilia hiyo. Akaenda kwa wakala akijifanya mshauri wa wateja wanaotaka kununua, akaelezwa utaratibu wote. Alipobainika alifungiwa na amri ya mahakama asichapishe wala asiendelee kuchunguza, na kesi ikamla muda mrefu. Mahakama ya rufaa ilipomfungulia mwaka 2005 alichapisha: biashara ile ilikuwa imeendelea kwa takriban miaka kumi. Mkuu wa Bavaria Film akaachishwa kazi.

Jambo moja katika uchunguzi wake lilinishtua kuliko nembo zote. Wateja waliuziwa mada. Chama cha wafanyabiashara wa aina fulani ya bidhaa, kisicho na chapa ya kuonyesha, kililipa ili wahusika wa tamthilia wazungumze kwa namna itakayoipa sifa bidhaa hiyo kwa ujumla. Mtazamaji angeweza kukodoa macho jioni nzima akitafuta nembo asiione hata moja, huku mke na mume wa kwenye tamthilia wakizungumzia sakafu ya nyumba yao kwa maneno yaliyonunuliwa.

Waingereza walichagua kuruhusu na kuweka alama. Tarehe 28 Februari 2011 bidhaa ya kulipiwa iliruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenye vipindi vya televisheni vya nchi hiyo, na ya kwanza kuonekana ilikuwa mashine ya kahawa ya Nescafé kwenye kipindi cha asubuhi cha ITV, This Morning. Herufi P ndogo sharti ionekane pembeni kwa sekunde tatu mwanzoni mwa kipindi, mwishoni, na kila baada ya mapumziko ya matangazo. Taarifa za habari na vipindi vya watoto havihusiki kabisa. Tumbaku, pombe, kamari, maziwa ya watoto wachanga na vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi havipachikwi. BBC haijaruhusiwa kwa vipindi vyake vinavyolipiwa na ada ya leseni. Mwaka 2018, kwenye seti ya Coronation Street, tamthilia iliyo hewani tangu 1960, vilijengwa duka la Co-op na mkahawa wa Costa, milango kamili yenye rangi na majina halisi.

Naikubali ile P kuliko wanavyoikubali wakosoaji wengi. Ni ndogo, ndiyo, na wengi hawaijui maana yake. Lakini inatokea wakati kipindi kinatazamwa, si kwenye orodha ya majina inayopita kwa kasi mwishoni ambapo watu wamekwisha kuinuka. Na inawalazimu watayarishaji kukiri kwamba wamelipwa. Marienhof isingeweza kuendelea miaka kumi chini ya utaratibu huo.

Ukitaka kuona hadithi ikibebeshwa mzigo mpaka magoti yatetemeke, nenda Korea Kusini. Bidhaa za kulipiwa ziliruhusiwa rasmi huko mwaka 2010, kwa masharti: zisizidi asilimia tano ya muda wa kipindi, wala robo ya kioo, na wahusika wasizisifie kwa maneno. Vituo vya kawaida vya Korea havikuruhusiwa kukatiza tamthilia kwa matangazo mpaka mwaka 2021, kwa hiyo pesa ya kutengenezea tamthilia za gharama ilitafutwa ndani ya hadithi. Ndiyo maana wapenzi katika tamthilia za Kikorea wanakutana kwenye mkahawa wa Subway. Watu wenye fedha za kula popote Seoul wanakwenda kuchagua mkate, mboga na mchuzi, hatua kwa hatua, tamthilia baada ya tamthilia. Katika Descendants of the Sun ya mwaka 2016 kuna mwanajeshi na mpenzi wake ndani ya gari la Hyundai, barabarani. Mwanamume anabonyeza kitufe, gari linashika njia lenyewe, anaachia usukani, anamgeukia mwenzake na kumbusu. Busu lile watazamaji walikuwa wamelisubiri kwa vipindi kumi na kitu. Waliolisubiri wakapewa maelezo ya mfumo wa usalama wa gari. Watazamaji wa Korea wenyewe walilalamika.

Mwaka 2021 walilalamika kwa nguvu zaidi. Katika Vincenzo ya kituo cha tvN alionekana mhusika akila bibimbap, chakula ambacho Wakorea wanakihesabu kuwa chao tangu enzi, ndani ya kopo la kampuni ya China. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba tukio hilo liliondolewa kwenye nakala za mtandaoni. Waandishi wa skripti ndio niliowahurumia. Mtu anaandika tukio la majonzi, kisha anapokea ujumbe kwamba kopo lazima liingie mahali fulani, na saa ya kurekodi imewadia.

Mwenye bidhaa naye anaweza kuumia. Desemba 2021, katika And Just Like That, mume wa mhusika mkuu alimaliza mazoezi kwenye baiskeli ya Peloton, akaenda bafuni, moyo ukamshinda, akafa. Peloton ilijua baiskeli yake itaonekana, hata mwalimu wake halisi wa mazoezi aliigiza kwenye tukio. Ilichokuwa haijaambiwa ni kifo. Siku hiyohiyo hisa zake zilishuka kwa takriban asilimia 11. Waandishi walitetea siri ya hadithi yao na nadhani walikuwa na haki. Lakini mwanasheria yeyote wa kampuni aliyeitazama siku ile alijua atakachodai kwenye mkataba unaofuata: kuonyeshwa skripti nzima.

Na sasa hata skripti si lazima. Mwaka 2011 marudio ya How I Met Your Mother, vipindi vilivyorekodiwa 2007, yalionyesha nyuma ya wahusika matangazo ya filamu mpya ambazo hazikuwepo waigizaji walipokuwa wakirekodi. Picha ziliingizwa kwa kompyuta. Tamthilia ya zamani inaweza kukodishwa kwa mdhamini mwingine kila inaporudiwa, na mwigizaji akajikuta amekaa kando ya bidhaa ambayo hakuulizwa. Sheria nyingi za udhamini zilitungwa zikidhani kwamba kipindi kikishakamilika kimekamilika.

Afrika Mashariki tunaujua udhamini kwa sura yake ya wazi kabisa. Tusker Project Fame lilianza mwaka 2006, likiwakusanya Nairobi waimbaji chipukizi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye kutoka Rwanda, Burundi na Sudan Kusini pia, wakiishi nyumba moja na kufundishwa kuimba. Valerie Kimani wa Kenya alishinda mara ya kwanza. Alpha Rwirangira aliipelekea Rwanda ushindi. Hope Irakoze wa Burundi alishinda mwaka 2013, msimu wa mwisho. Lilikuwa jukwaa la kweli, na vijana waliopita pale walipata mafunzo na jina ambalo hakuna chuo cha serikali kingewapa. Ila Tusker ni bia. Jumapili jioni, sebuleni, mtoto wa darasa la nne hakuweza kumtaja mwimbaji anayempenda bila kulitaja jina la bia. Naithamini kazi iliyofanywa na bado nasema kwamba kampuni ya bia haikupaswa kuruhusiwa kukiita kipindi cha vijana kwa jina la kinywaji chake.

Kuna njia nyingine ambayo elimu ya wafanyabiashara hawa ilitufikia, na kwangu hiyo ndiyo sehemu tajiri kuliko zote. Inaanzia Peru, mwaka 1969, kwenye tamthilia ya Simplemente María. María ni msichana wa mashambani anayekwenda mjini kufanya kazi za ndani, anapewa mimba na kuachwa, anajifunza kusoma kwa mwalimu Esteban, anajifunza kushona, na kwa cherehani yake anapanda mpaka kuwa mbunifu wa mitindo. Cherehani ilikuwa Singer. Haikupachikwa na mtu. Hadithi iliihitaji, kwa kuwa msichana yule asingekuwa na njia nyingine ya kutoka jikoni kwa watu. Wasichana wa kazi za ndani wa Lima walianza kujiandikisha madarasa ya kusoma na ya ushonaji. Mauzo ya Singer yakapanda, Peru na kila nchi ya Kihispania tamthilia ilikofika, na kampuni ikamzawadia mwigizaji Saby Kamalich cherehani ndogo ya dhahabu. María alipofunga ndoa na mwalimu wake, tukio likirekodiwa kanisani Lima, watu walifurika kwa maelfu wakiwa na zawadi, kama wamealikwa kwenye arusi ya jirani.

Huko Mexico mtayarishaji wa Televisa, Miguel Sabido, alijiuliza: kama hadithi imeuza cherehani bila kukusudia, ikikusudia itauza nini? Mwaka 1975 alitengeneza Ven Conmigo, tamthilia ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Wahusika walipotaja mahali pa kupata vitabu vya masomo, watu walifurika huko, na walioandikishwa kwenye elimu ya watu wazima mwaka ule walikuwa mara kadhaa ya wale wa mwaka uliotangulia. Iliyofuata ilikuwa ya uzazi wa mpango. Mwaka 1987 mbinu yake ilifika Kenya, kwa Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana redioni. Mwaka 1993 ikafika Tanzania.

Msikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam wa miaka ile hahitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Dereva wa lori, mpenda wanawake, mume wa Tunu, mtu wa kila kituo cha barabara kuu. Twende na Wakati ilisikika mara mbili kwa wiki, jioni. Ilikuwa tangazo, kwa maana kamili ya neno: Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la idadi ya watu ulifadhili, na kilichouzwa kilikuwa kondomu, uzazi wa mpango, na tahadhari dhidi ya UKIMWI. Mkwaju alipendeza kumsikiliza, na aliugua na kufa mbele ya masikio ya taifa.

Watayarishaji walifanya jambo ambalo wafanyabiashara hawalifanyi hadharani. Kituo cha Dodoma hakikurusha tamthilia hiyo kuanzia 1993 mpaka 1995. Saa ile kilirusha vipindi vyake. Watafiti, wakiwemo Everett Rogers na Peter Vaughan, wakalinganisha Dodoma na maeneo mengine, wakihoji watu na kuhesabu waliofika kliniki. Maeneo yaliyosikiliza yalionyesha ongezeko kubwa zaidi la watu waliojiunga na uzazi wa mpango. Dodoma ilipoanza kupata tamthilia hiyo mwaka 1995, mabadiliko yakaonekana huko pia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999, kila mtu ayasome na kuyapinga akitaka.

Ukweli kwamba lengo lilikuwa jema haunitoshi. Kila mlipaji huamini lengo lake ni jema, na leo mashirika mengi yanafadhili tamthilia za kilimo, za fedha na za afya kwenye vituo vyetu, mengine yakiwa na bidhaa za kuuza. Kinachonifanya niiheshimu Twende na Wakati ni kwamba mfadhili alijulikana, ujumbe ulijulikana, na athari zake zilipimwa mbele ya umma. Tena mlipaji hakumlinda Mkwaju. Matokeo ya matendo yake yaliachwa yafike mwisho.

Waandishi wa tamthilia wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaandika sasa kwa bajeti finyu, na mtandao wa simu, benki au kampuni ya kubeti ikija na fedha za msimu mzima, kukataa ni kuzima taa. Simwombi yeyote akatae. Ninachodai ni kifungu kimoja kwenye mkataba: mdhamini aonyeshwe matukio ambamo bidhaa yake inaonekana, na hayo tu. Skripti iliyobaki isipite mezani kwake. Mhusika anayefilisika kwa mkopo wa simu, kijana anayeuza pikipiki ya baba yake kulipa madeni ya kubeti, daktari anayemwambia mgonjwa aache soda: hao waamuliwe na mwandishi, na jina la mlipaji liandikwe kwenye kioo kabla hadithi haijaanza.